Karatasi Mlangoni mwa Kabati

Ayikoru, ufunguo uko nyuma ya saa iliyosimama.
Sanduku limo humo, jeusi, kubwa kama mkate wa kilo,
kebo ya buluu mkiani, diski nne tumboni
kama wabeba jeneza: mmoja akijikwaa, watatu wanamudu.
Wawili wakijikwaa, hapana.
Ukisikia linanguruma, liache, ndiyo hali yake.
Ukisikia limenyamaza, kimbia.

La kwanza linalojulikana: umeme ukikatika,
nao Arua hukatika kama uzi uliooza,
saa yake hurudi Januari mosi, elfu moja mia tisa sabini.
Halijui pengine pa kukimbilia.
Ndiyo maana kwenye folda ya matangazo ya vifo
utamkuta Andama wa Vurra amezikwa
kabla hajaoa,
na Draru wetu, aliyesoma matangazo hayohayo
kwa miaka minne kwenye kiti utakachokalia,
amekufa kabla hajazaliwa mama yake.
Dawa: tazama simu, rekebisha saa kwa mkono,
kisha soma tarehe kwa sauti kabla ya kubonyeza.
Mimi husoma. Mlinzi hudhani nasali.

La pili: halitaki alama ile ya juu, ile ndogo
tunayoiandika pale koo linapomeza hewa.
Neno letu la watu, *'ba*, huanza nayo.
Sanduku likiliona hujibu: jina batili.
Waliolitengeneza, sijui ni wapi,
hawakuwahi kuita watu kwa koo.
Dawa: futa alama. Watu wataingia.
Wataingia wamepungukiwa, lakini wataingia.

La tatu lilikuwa kwenye karatasi ya zamani.
Mchwa wamelila.

Februari, saa nane mchana, bati likilia juu,
fungua mlango wa kabati na uelekeze feni.
Mjusi akiingia, ziba tundu kwa soksi.
Soksi ni yangu. Ni safi.
Nywila ni jina la mbwa wa mkurugenzi
na mwaka aliogongwa na lori la Koboko.
Usiitamke mkurugenzi akiwapo.

Nafasi imejaa, asilimia tisini na nane.
Kila mwezi ingia kwenye takataka ufute:
matangazo ya sabuni, mahubiri yaliyorudiwa,
mechi za Onduparaka tulizofungwa.
Futa vyote.
Isipokuwa rekodi moja, inaitwa jaribio_7.
Sekunde kumi na moja.
*Moja, mbili. Moja, mbili. Mnanisikia huko, au
najisemea na ukuta?*
Halafu anacheka, na kiti kinalia.

Utaniuliza kwa nini nimeiacha jalalani.
Nimejaribu kuitoa. Kuinakili hukwama sekunde ya tisa,
kabla ya kicheko.
Kuisikiliza palepale ilipo, mara nyingine hufika mwisho.
Imelala kwenye sehemu mbovu ya diski ya tatu,
ile yenye taa nyekundu,
ile ambayo kila fundi kutoka Kampala
huinyooshea kidole hata kabla hajakaa.
Ibadilisheni, husema. Na ni kweli.
Nimewajibu pesa hakuna, miaka miwili sasa.
Diski mpya iko kwenye droo ya chini,
ndani ya boksi la betri, chini ya risiti.

Njia ya kulizunguka hili: sijaipata.

Basi langu ni saa moja jioni.
Hizo diski tatu zimebeba vya kutosha,
na wafu wa wilaya nzima wamo humo, si mmoja.
Kwa hiyo fanya kazi yako.
Ila ngoja siku yenye umeme wa kutulia,
funga mlango wa studio,
na kabla hujaichomoa
rekebisha saa kwanza.